Machano Asiyetulia na Yai la Mize

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti tatu tu, na hapa mmekaa kumi na mmoja. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Pakawa nchi isiyo na jani, isiyo na vumbi, isiyo na mti hata mmoja. Sogeeni motoni, maana ninakokupelekeni leo moto haujapata kuwashwa.

Hapo zamani za kale, kusini, kusini, kusini kabisa, mahali ambapo bahari yenyewe huganda ikawa sakafu, walikuwako ndege waitwao pengwini. Barafu mnayoijua nyinyi ni ile ya kwenye glasi ya maji ya ukwaju. Ya huko ni nchi. Unatembea juu yake siku tatu, na bado ni barafu. Na ndege hao walikuwa na mbawa, lakini hazikuwapeleka angani. Zilikuwa fupi na ngumu kama makasia, na waliruka nazo majini. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, shingoni rangi ya embe bivu.

Miongoni mwao alikuwamo dume mmoja, jina lake Machano. Machano huyu hakujua kutulia. Wenzake wakisimama, yeye anatembea. Wenzake wakitembea, yeye analala kifudifudi na kuteleza kwa tumbo ili awatangulie. Majini ndiye aliyezama chini kuliko wote, mpaka kwenye giza wanakojificha ngisi, akarudi na mmoja mdomoni, akazama tena kabla hajapumua sawasawa. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu, hata yai lake lilikuwa linatikisika."

Mkewe aliitwa Mize. Mize alikuwa mchache wa maneno, lakini akisema amesema. Wenzake walimuuliza, "Umempendea nini yule asiyekaa kitako?" Akajibu, "Nilisikia sauti yake." Basi. Maana pengwini wote wanafanana kama punje za mchele, na mtu hamjui mwenzake kwa sura. Humjua kwa sauti.

Ikawa jua limeanza kushuka, na majira ya baridi yanakuja. Pengwini wote wakatoka baharini, wakapanga mstari mmoja mrefu, wakaenda bara, siku tatu, mpaka penye ukuta wa barafu unaokinga upepo. Hapo wakakaa karibu miezi miwili bila kula, ndipo Mize akataga yai. Moja tu, hakuna la akiba. Na kiota je? Nani kauliza kiota? Nimesema hakuna jani. Kiota ni miguu. Yai linakaa juu ya nyayo, na tumbo lina ngozi iliyokunjika, nayo inalifunika kama upindo wa kanga.

Sasa, kulifanya lile yai kulikuwa kumemmaliza Mize. Amekonda, macho yameingia ndani. Na desturi yao ndiyo hiyo: mama akishataga, anarudi baharini kula, na baba anabaki na yai.

Mize akasema, "Machano, mume wangu, nisikilize. Simama. Usilishushe. Nisubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

"Utarudi lini?"

"Nikishiba shibe ya watatu."

Wakasogeleana, nyayo kwa nyayo, kifua kwa kifua. Kupokezana yai si mchezo, kwa sababu hawana mikono. Na likigusa barafu, ukihesabu mpaka kumi limekwisha.

Pembeni yao walikuwa jirani zao, Vuai na mkewe Kazija, nao wanapokezana. Kazija akasukuma, Vuai akanyanyua tumbo, yai likateleza, likabiringika, likaenda. Wakalikimbilia na midomo yao. Vuai anavuta huku, Kazija anavuta huku. Likasema *ta!* Likapasuka kwa baridi.

Kazija akalitazama. Akalitazama tena. Kisha akageuka, akawafuata wanawake wenzake waliokwisha kuanza safari ya baharini. Vuai akabaki. Akazungukazunguka, akaokota bonge la barafu la ukubwa wa yai, akaliweka juu ya nyayo zake, akalifunika kwa tumbo.

Msicheke. Nani anacheka? Alilifunika vizuri kuliko wengine walivyofunika mayai.

Machano aliyaona hayo yote. Lakini Mize akasukuma, naye akapokea, na yai likaingia mahali pake, zima. Mize akasema mara ya mwisho, "Simama. Usilishushe. Nisubiri." Akaenda zake.

Jua likazama, likasahau kurudi. Upepo ukaanza. Wale madume wakajikusanya, mamia kwa mamia, bega kwa bega, vichwa vimeinama, wakawa kama kiumbe kimoja kikubwa kinachopumua. Katikati palikuwa na joto, pembeni palikuwa na kifo. Kwa hiyo hawakukaa mahali pamoja. Aliyepigwa na upepo alisogea taratibu akaingia ndani, na aliyepata joto alisukumwa taratibu akatokea nje. Hatua ndogo, ndogo sana, ya yai miguuni. Zamu kwa zamu, hakuna bwana wala mtwana.

Na Machano? Lo! Machano alikuwa na yai miguuni na moto kwenye nyonga. Kisigino kinawasha. Goti linadai. Shingo inageuka kaskazini, inageuka tena. Akamwuliza jirani yake Vuai, "Unadhani wamefika wapi?"

"Akina nani?"

"Wake zetu."

"Wameondoka jana, bwana."

Baada ya kidogo akauliza tena, "Na sasa?"

"Machano, mimi pia nina kazi hapa. Tulia."

Hawakula. Kilichoshuka kooni ni theluji waliyoidonoa ili wapate maji. Walilala wamesimama. Mafuta ya tumboni yakawa yanapungua, ngozi ikaanza kulegea, na kila siku Machano aliimba wimbo wake:

*Mize wee, Mize wa majini,*
*yai liko juu, miguu iko chini,*
*Mize wee, njoo!*

Akaimba mwezi wa kwanza. Hakuna aliyeitikia. Akaimba mwezi wa pili. Upepo ndio ulioitikia.

Siku moja dhoruba ilivuma mpaka hawakuonana. Machano alikuwa ndani kabisa, penye joto, zamu yake halali. Mara akasikia sauti. Au alidhani amesikia. "Mize!" Akaanza kusukuma. "Nipisheni! Mke wangu!" Wakamwambia, "Hakuna mtu." Wakamwambia, "Ni upepo." Wakamwambia, "Machano, una yai!" Hakusikia. Akajipenyeza kwa bega, kwa kifua, kwa mdomo, mpaka akatokea ukingoni mwa kundi, na dhoruba ikampiga kofi. Akayumba. Ngozi ya tumbo ikafunguka, na yai likateleza, likafika kwenye kucha za mguu. Nusu juu ya mguu, nusu hewani.

Machano hakuweza kuinama. Akiinama linaanguka. Hakuweza kurudi nyuma. Akirudi linaanguka.

Hapo kikaja kifua cha mtu kikasimama mbele yake na kuzuia upepo, na mdomo ukalisukuma yai taratibu, taratibu, likarudi mahali pake. Alikuwa Vuai.

Machano akasema, "Vuai. Lilikuwa limeshatoka. Ungelichukua."

Vuai akamwambia, "La nini? Ninalo langu."

Machano akakaza ngozi ya tumbo juu ya yai. Ungejibu nini wewe?

Ikapita miezi miwili na siku zake. Mwanga mwembamba ukaanza kuonekana chini ya mbingu. Ndipo Machano aliposikia miguuni pake: *ti. Ti, ti. Ti, ti, ti.* Yai likapasuka, akatoka kinda wa kijivu, mdogo, kichwa cheusi, uso mweupe, na jambo la kwanza alilolijua duniani ni njaa. Akapanua mdomo.

Baba mwenyewe hajala miezi minne. Lakini Mungu hamwachi mja wake: kooni mwa pengwini dume hutoka maziwa, meupe, mazito, hata kama tumbo ni tupu. Machano akainamisha kichwa, akamlisha. Siku ya kwanza maziwa yalijaa mdomo. Siku ya pili yalikuwa matone. Siku ya tatu kinda alidonoa koo la baba yake na hakupata kitu.

Na siku hizo hizo wanawake walikuwa wanarudi. Siku ya kwanza walikuja wengi, wamenenepa, wanang'aa, kila mmoja anamwita mumewe, na kila mume anaitika. Kelele tupu! Siku ya pili wakaja kadhaa. Siku ya tatu wakaja wachache, mmoja huku, mmoja kule. Machano akamwuliza kila aliyepita, "Mmemwona Mize?" Hatujamwona. "Mmemwona Mize?" Hatujamwona. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa makamo. Akasita.

"Mwanangu, nilikuwa naye ukingoni mwa bahari. Tulikuwa tunatoka majini. Sili akatokea, yule mnyama wa baharini mwenye madoa kama chui na meno kama mbwa. Kila mtu aliruka upande wake. Baada ya hapo sikumwona."

Machano akamshukuru. Hakulia, ila miguu ikaanza tena. Ikaanza kwa nguvu. Maana mwili wake ulikuwa unamwambia jambo moja, nao haukuwa unasema uongo: ondoka sasa, ule, au ufie hapa. Mafuta yamekwisha. Bahari iko siku tatu. Na nguvu alizobaki nazo hazikuzidi sana hizo siku tatu.

Vuai akamsogelea. Miguuni bado ana bonge lake. Alikuwa amelisikiliza siku zote hizo, kila mayai ya wengine yalipogonga naye alisikiliza lake, na lilikuwa kimya. Akamtazama kinda wa Machano anayelia. Akatazama chini, kwenye nyayo zake. Akarudi hatua moja nyuma, na lile bonge likabaki juu ya barafu, likawa barafu.

"Jirani," akasema, "nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Mtoto. Wewe nenda ukale. Mimi nitamtia joto mpaka urudi."

"Una chakula, Vuai?"

"Sina."

"Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Atakula nini?"

Vuai akasema, "Sijui. Lakini angalau hatakufa kwa baridi."

Machano akageuza shingo kaskazini. Akairudisha. Akaigeuza. Enyi wenzangu, msimhukumu. Akanyanyua ngozi ya tumbo, Vuai akaleta nyayo, na kinda akahama. Machano akageuka, akaanza kutembea. Hatua kumi. Hatua ishirini. Miguu ilikuwa inafurahi. Miezi miwili na zaidi haijafanya kazi yake!

Hatua ya thelathini akasikia kishindo. Akageuka.

Kumbe Vuai hakuwa peke yake aliyepoteza yai majira yale. Walikuwapo wengine watano, sita, miguu mitupu, mioyo imewaka, na wamemwona kinda anahama kutoka kwa mtu hadi mtu. Wakadhani hana mwenyewe. "Nipe mimi!" "Hapana, mimi!" "Mimi, mimi!" Wakamvamia Vuai. Huyu anavuta, huyu anasukuma, yule anakanyaga. Hakuna aliyetaka kumdhuru, kila mmoja alitaka kumfunika. Na mtoto akaanguka chini, akawa katikati ya ile miguu yote, analia juu ya barafu.

Moja. Mbili. Tatu.

Machano akalala kifudifudi. Akapiga barafu kwa mbawa, akateleza kwa tumbo, akaja kama mshale. Nne. Tano. Akapita katikati ya miguu yao, akawaangusha wawili, akamkuta mtoto, akamfunika kwa kifua palepale alipolala. Sita. Wakamkanyaga mgongoni. Wakamdonoa kichwani. Hakuinuka. Saba.

"Ana baba!" Vuai akapiga kelele. Akawageukia wenzake kwa mbawa, akawapiga kulia, akawapiga kushoto. "Ana baba! Ana baba, nyie! Hamuoni ana baba?"

Wakarudi nyuma, mmoja mmoja, wanahema, wanaona haya. Machano akainuka polepole, na alipoinuka mtoto alikuwa juu ya nyayo zake, ametulia, bado ana joto.

Vuai akasema, "Nisamehe."

"Ni mimi niliyekupa," Machano akasema. Kisha akasema, "Siendi."

"Utakufa."

"Basi nitakufa niko hapa."

Vuai akazunguka akasimama upande unakotoka upepo, akawapa mgongo, akawakinga wote wawili.

Wakasimama hivyo siku ile na siku ya pili yake. Mtoto akaacha kulia, na hilo lilikuwa baya kuliko kulia.

Siku ya tatu sauti ikatoka mbali. Nyembamba. Machano akasema, "Umesikia?" Vuai akasema, "Ni upepo." Sauti ikaja tena. Vuai akasema, "Si upepo."

Machano akafungua mdomo aimbe. Mara ya kwanza haikutoka sauti. Mara ya pili kikatoka kikohozi. Mara ya tatu akakaza shingo, akakusanya kila kilichobaki mwilini:

*Mize wee, Mize wa majini...*

Huko mbali kitu cheusi kilichokuwa kinakwenda upande mwingine kikasimama. Kikageuza kichwa. Kikaja.

Alikuwa anatambaa kwa tumbo, kwa ubavu mmoja. Paja lake lilikuwa limechanwa, na damu ilikuwa imeganda kwenye manyoya. Lakini tumbo lilikuwa limejaa. Akafika, akasimama kwa shida mbele ya mumewe, wakatazamana.

"Umechelewa," Machano akasema.

"Nimechelewa. Sili alinishika mguu. Nikamponyoka, nikalala siku nyingi siwezi kutembea."

"Nilidhani umekufa."

"Nami nilidhani umeondoka," Mize akasema. "Njia nzima nilijiambia: Mize, unajisumbua bure. Machano yule? Hutamkuta."

Akatazama chini. Machano akafunua tumbo kidogo, na mama na mtoto wakaonana kwa mara ya kwanza. Mize akainama, akamlisha uduvi na samaki laini kutoka tumboni mwake. Mtoto akameza. Akameza tena. Kisha akalia kwa nguvu, kilio kizuri, cha ulafi!

"Sasa nipe," Mize akasema.

Machano hakutikisika.

"Nipe mtoto, uende ukale."

"Bado kidogo."

"Nipe, Machano."

"Nguo yake haijakauka," akasema, na mtoto hana nguo. Hakujua anasema nini. Alitaka kunyanyua tumbo na tumbo halikunyanyuka. Miguu ile, miguu iliyomsumbua tangu alipozaliwa, sasa ilikuwa haitaki kutoka.

Mize hakugombana naye. Akasogea mpaka kifua kikagusa kifua, nyayo zikagusa nyayo, akafungua mdomo uliojaa chakula. Mtoto akaona chakula kiko kule. Akapanda mwenyewe.

Machano akabaki amesimama na nyayo tupu, baridi inazipiga. Mize akamwambia, "Nenda. Nilicholeta ni tumbo moja tu. Siku kumi, kumi na mbili, kitakuwa kimekwisha."

Vuai akasema, "Shemeji, nitamsindikiza."

Wakaenda, wawili hao, wanayumba kama walevi. Wakitembea, wanaanguka. Wakianguka, wanateleza kwa tumbo. Siku ya tatu wakaona maji meusi yanatoa moshi wa baridi.

Na ukingoni wakakuta kundi zima la madume, wamesimama, wamekonda, wanatazama maji. Hakuna aliyeingia. Kwa sababu sili mwenye madoa hukaa chini ya ukingo pale pale, na wa kwanza kuruka ndiye anayejua kama yupo.

"Tangulia wewe," alisema mmoja.

"Hapana, wewe mkubwa, tangulia."

"Mimi namheshimu mgeni. Mgeni atangulie."

Wakasukumana kwa mabega, kidogo kidogo, kila mmoja anaangalia pembeni kama hasukumi. Walikuwa wamesimama hivyo tangu alfajiri, na njaa inawala, na makinda huko nyuma matumbo yanapungua.

Machano akafika, akapita katikati yao. Vuai akamwita, "Ngoja kwanza, ndugu yangu, tuangalie!"

"Nimengoja vya kutosha," Machano akasema, akaruka.

Maji yakafunga. Wote wakainamisha shingo. Wakatazama. Hakuna kitu. Wakatazama. Hakuna kitu. Wakatazama, na Vuai akaanza kugeuza uso pembeni.

*Pwaa!* Machano akachomoza mbali, maji yanamtoka puani, samaki anapigapiga mdomoni. Akammeza bila kumtafuna. Akawatazama wale wote walioduwaa ukingoni.

"Mnasubiri mwaliko?" akasema, akazama tena.

Basi wakaanguka majini wote kwa pamoja, kama maharage yanayomwagwa kutoka gunia, Vuai akiwa miongoni mwao. Wakala mpaka mbavu zikafichika. Na siku ya kumi na moja Machano alifika penye ukuta wa barafu, tumbo linaburuta chini, akaita mara moja tu. Waliomwitikia walikuwa wawili.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye yake na aianze, mimi nanyoosha miguu.